“Nini Kuzimu?”: Kiingereza Kinavyotukana Bila Kutukana

Kazi yangu ni manukuu ya filamu, yale maandishi yanayopita chini ya picha. Mwaka jana nililetewa filamu ya Kimarekani ya kifamilia iliyokwisha kupitishwa kwenye mashine ya kutafsiri. Mimi nikaambiwa niipige pasi tu. Dakika ya nne, bibi mmoja mwenye nywele nyeupe anafungua oveni, anakuta keki imekuwa mkaa, anasema: “What the heck?” Chini yake mashine imeandika: “Nini kuzimu?”

Nilicheka, kisha nikakaa dakika ishirini nzima bila kupata cha kuweka mahali pake. Mpwa wangu wa darasa la sita alikuwa pembeni akisubiri nimalize tule. Akauliza, “Mamdogo, kwani heck ni tusi?”

Nikasema hapana. Nikafikiri kidogo, nikasema ndiyo. Mwisho nikamtuma jikoni akaangalie wali.

Jibu lenyewe ni refu. “Heck” ni “hell” iliyokatwa mkia ikabandikwa mwingine. “Hell” ni jehanamu, kwa hiyo mashine haikukosea njia, ilipitiliza kituo tu: ilichimba mpaka chini kwenye neno ambalo bibi yule alikuwa akilikwepa. Na maneno ya namna hii Kiingereza kinayo jeshi zima. “Gosh” na “golly” yamesimama mahali pa “God”, yaani Mungu. “Gee” na “jeez” ni Yesu. “Crikey” na “cripes” ni Kristo. “Darn” na “dang” ni “damn”, laana ya kumpeleka mtu motoni. “Shoot” na “sugar” yanafunika neno la mavi. “Flipping”, “freaking” na “fudge” yanafunika lile la herufi nne linaloanza na F, ambalo hata hapa nalizunguka.

Mtu aliyesoma Kiswahili sekondari atasema: hiyo si tafsida? Si hasa. Tafsida ni ya mtu anayetaka kusema jambo lakini kwa adabu: amejifungua, amekwenda haja, ametutoka. Ujumbe unafika, makali yanabaki nyuma. Anayesema “gosh” hana ujumbe wowote kuhusu Mungu. Anachotaka ni ule mlio, ile pumzi inayotoka mtu anaposhtuka, bila kulipia gharama ya neno lenyewe.

Ili kuielewa gharama hiyo inabidi kuanzia kwenye kitenzi kimoja. Shahidi anaposhika Biblia mahakamani Uingereza, kitendo chake huitwa “swear”. Dereva anapotukana kwenye foleni, nako ni “swear”. Sisi tunayatenganisha: kuna kuapa, kuna kuapiza, kuna kutukana, na kila kimoja kina mahali pake na adhabu yake. Kwa Mwingereza wa zamani mambo hayo matatu yalikaa chumba kimoja, kwa sababu tusi zito kuliko yote halikuwa la mama wala la nguoni. Lilikuwa ni kulitumia jina la Mungu ovyo. “Usilitaje bure jina la Bwana, Mungu wako” iko ndani ya Amri Kumi, na Waingereza waliishika kama sheria ya jinai, jambo ambalo baadaye lilikuwa kweli kabisa.

Hapa ndipo sisi tunapopotea. Kwetu kumtaja Mungu ni kama kuvuta pumzi. Mtu wa Tanga anasema wallahi mara kumi kabla ya chai. Bibi wa kanisani akidondosha sufuria anasema “Yesu wangu!” na hakuna anayewaziba watoto masikio. Ndiyo, wako masheikh na wachungaji wanaokemea kuapa-apa, lakini sijawahi kuona mtu akiitwa mtovu wa adabu kwa kusema “Mungu wangu” mbele ya wakwe. Kwa hiyo tunaposikia “oh my gosh” hatuoni kilichofunikwa ni nini. Tunaona kanga, hatuoni aliyejifunika.

Katika Zama za Kati Waingereza waliapa kwa Mungu kiungo kwa kiungo: kwa damu yake, kwa majeraha yake, kwa mifupa yake, kwa misumari ya msalabani. Wahubiri walilalamika kwamba waapaji wanamchana Kristo upya. Chaucer, mshairi wa karne ya 14, alimpa mhubiri mmoja katika hadithi zake maneno hayo hayo, kwamba waapaji wanaurarua mwili wa Bwana vipande vipande. Watu hawakuacha, bali walifupisha. “God's wounds”, majeraha ya Mungu, likawa “zounds”. “God's blood” likawa “'sblood”. “God's hooks”, yaani ile misumari, likawa “gadzooks”. Katika yale mawili ya kwanza neno “God's” limeng'olewa kichwa, imebaki ile S ya mwisho ikining'inia kama mkia wa mjusi.

Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria dhidi ya waigizaji wa jukwaani. Atakayelitaja kwa mzaha jina la Mungu, la Kristo, la Roho Mtakatifu au la Utatu katika mchezo atatozwa faini ya pauni 10, na kila kosa linahesabiwa peke yake. Pauni 10 wakati ule zilikuwa mshahara wa miezi mingi wa fundi. Tena nusu ya faini ilikwenda kwa mfalme na nusu kwa yeyote atakayefungua mashtaka, kwa hiyo kila mtazamaji aliyelipa kiingilio alikuwa askari anayeweza kujipatia riziki.

Athari yake unaweza kuipima mwenyewe. Mchezo wa Othello wa Shakespeare una matoleo mawili ya awali, moja la 1622 na jingine la 1623. Katika lile la kwanza, mhusika Iago anapofungua mdomo sentensi yake inaanza na “'sblood”. Katika lile la pili neno hilo halipo, anaanza tu na “lakini”. Viapo zaidi ya hamsini vimeondolewa, na “zounds” zote zimekwenda navyo.

Kinachonivutia mimi ni hiki: “zounds” na “'sblood” yalikuwa tayari vinyago. Yalitengenezwa ili mtu asimtaje Mungu. Lakini kinyago kikivaliwa sana watu hukizoea, wakikiona wanajua nani yuko nyuma yake, na siku inafika kinahesabika kuwa ndiyo sura. Hapo inabidi kuchonga kingine. Ndiyo sababu orodha ni ndefu hivi: “egad”, kisha “gosh” lililoandikwa katikati ya karne ya 18, kisha “golly” kutoka kwa waendesha mikokoteni wa miaka ya 1770, kisha “gum”. Mengine hupatwa na kinyume chake, yanasahaulika kabisa. “Zounds” lilitamkwa kwa sauti ya “majeraha”, yaani karibu na “zunds”. Leo wengi wanaolisoma kwenye vitabu hulitamka “zaunds”, kwa sababu hawajui tena kwamba ndani yake kuna jeraha.

Jukwaani ilikuwa 1606. Mitaani, sheria ya 1745 iliweka bei ya kuapa ovyo kwa kufuata hadhi ya mtu: kibarua, askari wa kawaida au baharia, shilingi moja, mtu wa juu yake ambaye hajafikia uungwana, shilingi mbili, muungwana na kuendelea, shilingi tano. Ukirudia, mara mbili. Ukirudia tena, mara tatu. (Shilingi ya Kiingereza, si hii yetu ambayo ukitoza moja hutapata hata pipi.) Sheria hiyo haikufutwa mpaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha.

Namna ya kutengeneza maneno haya haina siri kubwa. Iliyo maarufu zaidi ni kushika sauti ya kwanza na kubadili safari. Mdomo umeshaondoka, meno yameshagusana, sauti ya “sh” imeshatoka, halafu mtu anakumbuka kwamba mama mkwe yuko sebuleni. Anakata kona kama dereva wa daladala aliyemwona trafiki: “sh…oot!” au “sh…ugar!” Kuna msemo “for crying out loud”, ambao ukiutafsiri neno kwa neno utapata kitu kama “kwa kulia kwa sauti”, upuuzi mtupu. Usikilize kwa sikio badala ya kuusoma: mtu alikuwa anasema “for Christ's sake”, kwa ajili ya Kristo, akafika “cr…” akapinda.

Kuna pia kuunganisha maneno mpaka yasitambulike. “Blimey” ya Waingereza ni “God blind me”, Mungu anipofue. Hili kwetu halihitaji maelezo. Mtoto yeyote wa uswahilini anayetuhumiwa kula sukari ataapa “nipofuke”, “nife hapa hapa”, atalamba kidole, atakipitisha shingoni na kukinyoosha juu. Tofauti ni kwamba mtoto wetu anajua anaapa upofu. Mzee wa London anayesema “blimey” akiona bei ya samaki hana habari. Na “crikey” wengi wetu tulilijua kwa Steve Irwin, yule Mwaustralia wa mamba, aliyelisema kila mamba alipomfungulia kinywa. Kumbe alikuwa akimwita Kristo, na kwa kazi ile alikuwa na sababu.

Halafu kuna njia ya kuacha shimo na kulipa shimo lenyewe jina. Wachapaji wa zamani waliandika “d” na kuweka kistari mahali pa herufi zilizobaki za “damn”. Kistari kwa Kiingereza ni “dash”. Mabwana wakaanza kusema “dash it!”, yaani wanatukana kwa kutamka alama ya uandishi. Mwaka 1974, Ikulu ya Marekani ilipotoa maandishi ya mazungumzo ya Rais Nixon yaliyorekodiwa, palipokuwa na matusi paliandikwa “expletive deleted”, tusi limefutwa. Yalikuwa mengi kiasi kwamba maneno hayo mawili yakageuka kuwa msemo wa mitaani. Ujanja huo London waliujua tangu 1914. Katika mchezo wa Pygmalion wa George Bernard Shaw, msichana muuza maua aliyefundishwa lafudhi ya kitajiri anasema “not bloody likely”, yaani “haiwezekani” iliyotiwa tusi la “bloody”, “-enye damu”, kwa lafudhi hiyo hiyo, na ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Baada ya hapo watu walioogopa kusema “bloody” wakawa wanasema “not Pygmalion likely”. Jina la mchezo likageuka kuwa kinyago cha tusi lililomo ndani yake.

(Utasikia kwamba “bloody” yenyewe ni “by our Lady”, kwa Bibi yetu Maria. Ni simulizi tamu, wataalamu wengi hawaikubali.)

Mchezo wa 1914 unaonyesha pia kwamba hofu ilikuwa imehama. Mungu alikuwa bado anaheshimiwa, lakini kilichowafanya watu waone haya sasa ni mwili: damu, choo, kitanda. Leo utangazaji unafuata ramani hiyo mpya. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1978, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba serikali inaweza kuvibana vituo vya redio na televisheni kwa lugha chafu. Muda wa kujiachia ni kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Uingereza ni kuanzia saa tatu usiku. Filamu zikioneshwa mchana lazima zifunikwe, na wafunikaji wengine wana vipaji. Filamu moja ya nyoka ndani ya ndege ilipopelekwa kwenye televisheni, shujaa aliyekuwa akiwatukania nyoka mama zao akabadilishwa aseme amechoshwa na hawa nyoka “wanaopigana na nyani” (“monkey-fighting”) katika ndege hii ya “Jumatatu mpaka Ijumaa” (“Monday-to-Friday”). Herufi ya kwanza ni M kote, mdomo unakubaliana na picha, maana imekwenda likizo.

Maneno mazito kuliko yote kwa sasa hayana hata kinyago cha namna hii. Matusi ya rangi na kabila hayakutengenezewa “gosh” yake. Yanatajwa kwa herufi tu, kama neno la N, lile la kuwatukana watu weusi, basi. Mtu akijaribu kulitengenezea neno la kuchekesha atakuwa ameongeza kosa.

Je, kinyago kinafanya kazi? Yaani ukigonga kidole kwa nyundo ukasema “sugar”, maumivu yanapungua? Richard Stephens wa Chuo Kikuu cha Keele alionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaorudia tusi halisi huvumilia mkono ndani ya maji ya barafu kwa muda mrefu zaidi kuliko wanaorudia neno la kawaida. Mwaka 2020 yeye na mwenzake walijaribu matusi ya kubuni, “fouch” na “twizpipe”. Watu waliyaona yanachekesha, lakini kwenye maji ya barafu hayakusaidia kitu. Hawakupima “sugar”, kwa hiyo sitawasemea. Ninachokiona mimi ni kwamba neno la kubuni halina kitu nyuma yake, na “sugar” lina mavi nyuma yake. Anayelisema analijua lile jingine. Ladha anaipata kwa kulikaribia.

Kwa anayejifunza Kiingereza, ukaribu huo ndio mtego. “Gosh” na “goodness” unaweza kuyasema popote, ingawa ziko nyumba za Wakristo wa Marekani ambako mtoto hukemewa hata kwa hayo mawili. “Heck”, “darn” na “shoot” ni ya nyumbani, ya bibi na keki yake. “Crikey” na “blimey” hayamkeri mtu, ila kwenye usaili wa kazi utaonekana umetoka katika katuni. “Freaking” ni jambo lingine: kinyago chake ni chembamba, kila mtu anaona pua na macho, na mwalimu wa Marekani anaweza kukutoa nje kwa hilo. “Frigging” watu hulidhani ni dada yake, kumbe lina uchafu wake wenyewe wa zamani. Na “bloody” linategemea msikilizaji: Mmarekani anaona ni urembo wa Kiingereza, bibi wa Yorkshire kule Uingereza anaweza asione hivyo. Kwenye simu kuna OMG, ambayo wengi wanadhani ililetwa na vijana. Iko katika barua ya 1917 ya Admirali Fisher, mzee wa miaka 76, kwa Winston Churchill. Uzuri wake ni kwamba G haijasema kama ni “God” au “gosh”. Kila mtu aisome kwa kadiri ya imani yake.

Na sisi? Nimesema kumtaja Mungu kwetu hakuna gharama, lakini si kweli kabisa. Mtu akitaka kuapa kwa jambo dogo, huku moyo unamwambia aache kumhusisha Mungu na deni la elfu mbili, husema “haki ya nani!” Wengine wanaliburuta, “hakyanani vile!” Alianza “haki ya Mungu”, akafika mlangoni, akaweka “nani”. Ni “dash it” yetu: shimo limepewa jina la shimo. Upande wa pili, anayesema “nyoko!” naye amekata maneno katikati, na hajapunguza kitu. Kukata peke yake hakusafishi. Inategemea nini kimebaki mkononi.

“Haki ya nani” ingenifaa sana kwa “heck”, isipokuwa bibi wa keki haapi, anashangaa. “Makubwa!” ni nzuri, lakini humwambia mwenzako aliyekuletea habari, na bibi yule yuko peke yake na moshi. Nilijaribu “Lahaula!”, nikaona nimemsilimisha kikongwe wa Iowa kwa kubonyeza kitufe. Mwisho niliandika “Salaale, nini tena hiki?” Mteja akairudisha na maoni kwamba “ladha ya tusi imepotea”. Nikamjibu kwamba bibi huyo ametumia miaka sabini kuipoteza.

Siku ile ya mpwa wangu, hata hivyo, nilikuwa sijafika huko. Nilikuwa bado natazama “Nini kuzimu?” kwenye skrini niliposikia mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni, kisha harufu ya wali ulioshika chini, kisha sauti yake, kali, “Sh…”

Kimya cha sekunde moja. Alijua nasikiliza.

“…ikamoo, Mamdogo!”

“Marahaba,” nikasema. “Zima jiko.”